KIBARUA WA KALAMU

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni wao, Milimani, Kisumu, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika



 Si kawaida chama cha wafanyakazi kuwapa nafasi watu wasio na tajiri, wasio na saa ya kuingia wala saa ya kutoka, na ambao mwisho wa mwezi hawana mshahara wa kungojea. Sisi ni waandishi wa kujitegemea. Twaandika habari na kuziuza kwa magazeti. Twaandika insha juu ya mambo tuliyoyaona kwa macho yetu. Twaandika pia kumbukumbu za maisha, yetu wenyewe na ya watu wengine. Tulipokuwa tukiingia, ndugu mmoja alituuliza: je, hiyo nayo ni kazi? Swali ni zuri, nasi tutalijibu. Baada ya kulijibu, sisi nasi tutakuwa na jambo la kuwaomba.

1. JINA LETU

Neno kibarua mnalijua nyote. Lakini litazameni vizuri. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mtu aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kijikaratasi, na kwa kijikaratasi hicho alihesabiwa siku yake akalipwa. Baadaye jina la karatasi likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu. Sasa, ndugu zetu, ikiwa yuko mtu anayestahili kuitwa kibarua kwa maana zote mbili, ni mwandishi wa kujitegemea. Karatasi ndiyo kazi yake, na karatasi ndiyo inayohesabiwa. Ikichapishwa, analipwa. Isipochapishwa, siku yake imepotea, hata kama alitembea tangu alfajiri.

Watu hudhani kwamba mwandishi ni bwana mkubwa kwa sababu jina lake liko katika gazeti. Jina halilipi kodi ya nyumba. Yuko mtu ambaye jina lake lasomwa Nairobi, Mombasa na Eldoret, naye hapa Kondele anadaiwa kodi ya miezi miwili. Tukisema hivi hatutafuti huruma. Twataka mjue kwamba aliyeko mbele yenu ni mfanyakazi.

2. HESABU YA HABARI MOJA

Ninyi mmezoea hesabu, maana hakuna mazungumzo ya mishahara pasipo hesabu. Basi na tupige hesabu ya habari moja. Kiasi tutakachotaja ni cha mfano tu, ili mwone jinsi mambo yanavyokwenda.

Tuseme gazeti la Nairobi hulipa shilingi 2,000 kwa habari iliyochapishwa. Magugu maji yamefunga gati huko Homa Bay na wavuvi hawawezi kutoa mashua. Mwandishi anaondoka Kisumu asubuhi. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme ni shilingi 1,000. Chakula shilingi 200. Simu na kupeleka picha shilingi 100. Jumla ni shilingi 1,300. Zimebaki shilingi 700. Siku ya kwanza alisafiri na kuuliza watu, siku ya pili aliandika na kuhakikisha maneno ya wakubwa wa ofisi. Shilingi 700 kwa siku mbili ni shilingi 350 kwa siku. Kamera ni yake, simu ni yake, viatu ni vyake.

Hiyo ni habari iliyochapishwa. Iwapo jioni hiyo waziri mmoja amesema neno kubwa Nairobi, habari ya magugu itawekwa kando. Kesho yake imekwisha kuwa ya zamani. Hapo mwandishi hakupata shilingi 700. Amepoteza shilingi 1,300 alizotoa mfukoni. Mwenye kiwanda cha sukari akimwambia mkata miwa, “Leo hatukusaga, kwa hiyo hatulipi miwa uliyokata,” ninyi mngesimamisha kazi. Lakini katika kazi yetu jambo hilo ni desturi.

Tena kuna hatari. Mwandishi huitwa mahali ambapo watu wengine wanapakimbia. Mwezi wa Julai 2024 mwandishi wa habari alipigwa risasi ya paja mjini Nakuru akiwa katika kazi ya kutazama maandamano. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Wanaoumia Kazini, ya mwaka 2007, yamtaka tajiri amlipe mfanyakazi wake aliyeumia. Lakini mfanyakazi wake ni yule aliyeajiriwa. Anayeuza habari mojamoja huambiwa kwamba yeye ni mfanyabiashara. Katika mfuko wa uzeeni, wa NSSF, mfanyakazi hutoa sehemu yake na tajiri hutoa sehemu yake. Sisi hatuna wa kutuwekea sehemu ya pili. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya iko chini ya SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 palepale ofisini, na asiye na mshahara hutakiwa kutoa mwenyewe, kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, awe amepata kitu au hakupata.

Basi, swali la mlangoni tumelijibu. Ni kazi. Ina jasho, ina gharama, ina hatari, na ina mtu anayefaidika nayo kuliko yule aliyeifanya. Kitu chenye alama hizo zote kitaitwaje kama si kazi?

3. MAMA MMOJA WA ZIWA HILI

Sasa mtauliza: ikiwa mambo ni hayo, kwa nini watu huifuata kazi hiyo? Tungependa kujibu kwa kuwasimulia maisha ya mama mmoja wa kwetu, ambaye wengi wenu mlimwona kwa macho, Mama Grace Ogot.

Alizaliwa mwaka 1930 huko Asembo. Hakuanza maisha kwa kuitwa mwandishi. Alikuwa mfanyakazi kama ninyi. Alisomea uuguzi katika hospitali ya Mengo, Uganda, kisha akaendelea na uuguzi London. Akiwa huko Uingereza katika miaka ya 1950 aliingia BBC, akaandika na kusoma vipindi vilivyotangazwa Afrika Mashariki na ya Kati. Aliporudi alifanya kazi hospitali ya Maseno. Alikuwa afisa wa maendeleo ya jamii hapa Kisumu. Alitangaza kipindi cha redio kwa Kiluo. Akafanya kazi ya uhusiano katika kampuni ya ndege ya India. Hesabuni wenyewe: muuguzi, mtangazaji, afisa, mtu wa kampuni ya ndege. Katika kazi zote hizo kalamu haikulala.

Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere. Mama Grace alikuwako, akasoma hadithi yake. Alipotazama vitabu vilivyowekwa pale vionekane, aliona kwamba Afrika Mashariki haina kitu cha kuonyesha. Jambo hilo lilimchoma. Mwaka uliofuata, 1963, hadithi yake ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus, lililotolewa Nigeria. Fikirini: hadithi ya ziwa hili ilibidi ivuke bara zima kutafuta mlango.

Mwenyewe alieleza kwamba kabla ya hapo alikuwa amepeleka hadithi zake kwa mkubwa wa ofisi ya vitabu ya Afrika Mashariki, na mkubwa huyo hakuelewa vipi mwanamke Mkristo aandike habari za kafara na waganga. Hakuacha. Mwaka 1966 riwaya yake, The Promised Land, ilitolewa na East African Publishing House, Nairobi. Inahusu mume na mke Waluo wanaoacha kwao na kuvuka kwenda Tanganyika kutafuta ardhi. Mwaka 1968 kikafuata kitabu cha hadithi fupi, Land Without Thunder. Baadaye aliandika kwa Kiluo pia, ili watu wa kwao wasome bila mkalimani. Mwaka 1983 aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 1985 watu wa Gem walimchagua, akawa waziri msaidizi.

Lakini angalieni jambo hili. Kitabu cha maisha yake mwenyewe, Days of My Life, kilitoka mwaka 2012. Alikuwa na umri wa miaka 82. Kilipigwa chapa na Anyange Press, nyumba ya vitabu ya hapahapa Kisumu. Kati ya hadithi ya kwanza katika Black Orpheus na kitabu cha maisha yake ilipita miaka 49. Miaka mitatu baadaye, Machi 2015, akafariki. Lau angalichelewa kidogo, mambo mengi ya Asembo, ya Mengo, ya wauguzi Waafrika wa wakati ule, yangalizikwa pamoja naye.

Funzo la kwanza la maisha yake ni kwamba mwandishi wa kwetu huishi kwa kazi nyingine wakati anapoandika. Funzo la pili ni kwamba kazi ile nyingine si hasara. Kumtazama mgonjwa usiku, kumsikiliza mama mwenye mimba, kusema redioni kwa maneno ambayo mzee wa kijijini atayaelewa, hayo yote yalikuwa shule ya kuandika.

4. INSHA, AU BARUA YA MALALAMIKO

Kuna watu wanaodhani kwamba insha ni jambo la wanafunzi na mitihani. Sivyo. Insha ya mwandishi ni mtu kusimama na kusema: mimi niliona hivi, nikafikiri hivi, nanyi tazameni kama si kweli. Haina kichwa cha habari cha waziri. Nguvu yake ni ukweli wa yule anayesema.

Binyavanga Wainaina alizaliwa Nakuru mwaka 1971. Alipokuwa Afrika Kusini aliishi kwa mapishi, na kwa kuandika makala za vyakula na safari kwa kujitegemea. Mwaka 2002 alipata tuzo ya Caine kwa maandishi yaliyoitwa Discovering Home, juu ya kurudi kwake nyumbani na kusafiri kuwaona jamaa zake. Hayakutoka katika kitabu kikubwa. Yalitoka katika jarida dogo la mtandaoni. Baada ya hapo yeye na wenzake walianzisha jarida la Kwani?, likawapa nafasi vijana wengi ambao hawakuwa na pa kupeleka kazi zao. Mwaka 2011 akatoa kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, One Day I Will Write About This Place.

Insha yake iliyosomwa zaidi duniani yafundisha waandishi wa kigeni, kwa kejeli, jinsi ya kuiandika Afrika vibaya. Ilitolewa katika jarida la Granta la London mwaka 2005. Je, mwajua ilianzaje? Ilianza kama barua ya malalamiko. Binyavanga alisoma toleo moja la jarida hilo juu ya Afrika, akakasirika, akawaandikia wahariri. Barua ikawa insha. Ndugu zetu, barua za malalamiko ndiyo kazi ya kila siku ya makatibu wenu wa matawi! Katika faili za chama hiki mna insha ngapi ambazo hazijaitwa insha?

Lakini insha ya maisha ina gharama yake. Mwaka 2014 Binyavanga aliandika maneno aliyoyaita sura iliyopotea ya kitabu chake, akisema waziwazi kwamba yeye anapenda wanaume. Wengi walimsifu kwa ushujaa, na wengi walimtukana. Kila mtu na dini yake na mawazo yake juu ya jambo hilo, wala hatukuja kubishana. Twataka mwone tu kwamba mwandishi wa insha hana pa kujificha. Waziri husema kupitia msemaji wake, kampuni husema kupitia wakili wake. Mwandishi wa insha husema mwenyewe, na jina lake liko chini. Alifariki Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 48.

5. NANI HUANDIKA MAISHA YA MFANYAKAZI?

Sasa tumefika kwenye jambo lililotuleta.

Mahali hapa tulipo paitwa Milimani. Wakati wa ukoloni nyumba za mlima huu zilikuwa za wakubwa Wazungu. Reli ilifika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mji ukakua, na wakubwa wakapenda mahali penye upepo. Asubuhi mpishi, dobi na mtunza bustani walipanda; kazi ilipokwisha walishuka. Watawala wengi wa enzi ile walirudi kwao wakaandika vitabu vya kumbukumbu. Ndani ya vitabu hivyo mpishi hutokea mara mbili tatu: ameunguza keki, au ameomba ruhusa ya kwenda matanga. Jambo alilolifikiri mpishi juu ya bwana halimo. Mpishi hakuandika.

Leo mambo yamebadilika, lakini si sana. Sisi waandishi wa kujitegemea huitwa mara kwa mara na wakubwa wa siku hizi, watu wa siasa na wenye makampuni, tuwaandikie kumbukumbu zao. Twakaa nao, twawasikiliza, twapanga miaka yao, na kitabu kikitoka jina ni lao. Hiyo ni kazi halali, na yalipa vizuri kuliko habari ya magugu. Lakini matokeo yake ni kwamba maisha ya mwenye fedha yataandikwa, na maisha ya asiye nazo hayataandikwa.

Fikirini juu ya Miwani, kiwanda cha kwanza cha sukari katika Kenya, kilichoanza mwaka 1922, kikaja kuanguka. Fikirini juu ya KICOMI, kiwanda cha nguo cha mji huu, kilichofungwa, na watu wake wakatawanyika. Fikirini juu ya mabaharia wa meli za ziwani, na watu wa karakana ya reli. Kila mahali hapo palikuwa na mgomo, na umoja, na usaliti, na vichekesho, na mtu aliyegawa chakula chake wenzake walipofukuzwa. Wazee waliokuwako wanatutoka mmoja mmoja. Kila tunapotoka matangani twasema, “Mzee yule alijua mambo.” Twasema hivyo, kisha twakunja viti.

Lakini vyama vya wafanyakazi vya Kenya vilianza vizuri katika jambo hili. Tom Mboya, mtu wa Rusinga, alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la mji wa Nairobi, akawa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanyakazi. Mwaka 1963, kabla hajatimiza miaka 34, alikwisha toa kitabu chake, Freedom and After. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969, na umri wake haukutimia 39. Kama angengoja uzee ndipo aandike, tusingekuwa na neno lake. Na Makhan Singh, ambaye pamoja na Fred Kubai aliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki mwaka 1949, alishikwa mwaka 1950 akazuiliwa mpaka mwaka 1961. Mwaka 1969 alitoa historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya mpaka mwaka 1952. Aliwezaje? Kwa sababu aliweka karatasi. Barua, matangazo, maombi, majibu ya serikali: hakutupa. Karatasi zake leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kwa hiyo, mwanachama anayetaka kuandika maisha yake asianze kwa kutafuta maneno makubwa. Na aanze kwa sanduku. Barua ya kuajiriwa, kadi ya chama, karatasi za mshahara, picha ya siku ya mgomo, barua ya kufukuzwa. Aziweke kwa miaka. Kila karatasi aandike nyuma yake: ilikuwa lini, nani alikuwako, chai iliuzwa bei gani, nyumbani walisema nini. Akiandika juu ya mwenzake aliye hai, amwendee kwanza amsomee. Siri ya mtu mwingine si mali yetu kwa sababu tu tuliiona. Na jambo la kumshtaki mtu asiliandike kama hana ushahidi, maana sheria ya kashfa haitamwuliza kama ana uchungu, itamwuliza ushahidi uko wapi.

6. MANENO NI YA NANI?

Hapa twaomba msikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wetu wanapoumia.

Tuliwahi kuandika makala ndefu kwa kuagizwa na gazeti moja, jina hatulitaji. Tulilipwa mara moja. Baada ya muda tukaiona makala ileile ndani ya kitabu kingine, kinauzwa, na sisi hatukupata hata salamu. Tulipouliza tuliambiwa: mlilipwa, basi mmekwisha.

Sheria yasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, humlinda mwandishi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kufa kwake, ili watoto wake nao wapate. Hiyo ni habari njema. Lakini sheria hiyohiyo yasema kwamba mtu akiagiza kazi iandikwe, au mwandishi aliyeajiriwa akiiandika katika kazi yake, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji au kwa tajiri, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Neno kubwa hapo ni “wamekubaliana.” Ukinyamaza, umetoa. Ukiandika makala kwa hiari yako kisha ukaipeleka kwa mhariri, mambo ni tofauti, kwa maana hukuagizwa. Lakini ukiagizwa kwa simu, “Tuletee maneno elfu moja Ijumaa,” nawe ukaitikia “Sawa” bila kuongeza neno, huenda haki imekwenda pamoja na ile “Sawa.”

Basi kabla ya kuandika kazi ya kuagizwa, mwandishi apate barua, hata iwe fupi ya simu, yenye mambo haya:

(a) Malipo ni kiasi gani, na yatatolewa siku gani.
(b) Nauli na gharama ni za nani.
(c) Kazi ikikubaliwa kisha isichapishwe, italipwa nini.
(d) Gazeti lanunua ruhusa ya kuchapisha mara moja, au lanunua haki yote.
(e) Mwandishi akishtakiwa au akiumia kwa ajili ya kazi hiyo, nani atasimama naye.

Tena ajue kwamba malipo ya ustadi yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi mlipaji hukata asilimia 5 ya kodi. Adai hati ya makato hayo, maana ni fedha zake zilizotangulia kwa serikali.

Mtatuambia: mhariri akiona masharti hayo atamtafuta mtu mwingine. Ni kweli. Kesho yuko kijana ametoka chuoni, ana simu nzuri, ataandika bure ili aone jina lake. Hapo ndipo ujuzi wa mtu mmoja unapokwisha, na ndipo chama kinapoanza. Mkiwa wapakiaji mizigo kumi gatini, na mmoja akikubali nusu ya malipo, wote kumi mmekwisha. Ninyi mliyajua hayo kabla yetu.

7. TUNAYOOMBA

Chama cha Waandishi wa Habari wa Kenya kipo tangu mwaka 1962, na waandishi wengi wa kujitegemea wako nje ya chama chochote. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Haikusema “kila mfanyakazi mwenye meza.” Kwa hiyo twaomba mambo matatu.

Kwanza, wenzetu wa vyama vikubwa mtusemee tunapodai kwamba anayeuza habari kwa gazeti lilelile wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka, apewe mkataba ulioandikwa na bima ya kuumia. Tajiri huogopa vyama viwili kuliko kimoja.

Pili, kila tawi liwe na sanduku la karatasi zake, na mtu mmoja wa kulitunza. Karatasi zisiliwe na mchwa stoo.

Tatu, chama kitenge fedha kidogo kila mwaka, kumwandikisha mzee mmoja maisha yake ya kazi. Mmoja tu kwa mwaka. Baada ya miaka kumi mtakuwa na vitabu kumi, vidogo, kwa Kiswahili au kwa Kiluo, ambavyo mtoto wa mwanachama atavisoma akajua mkate wa nyumbani kwao ulitoka wapi.

Lakini siku hiyo ikifika, kumbukeni sheria tuliyowaeleza. Atakayeagiza kazi ni ninyi. Sheria itawahesabu ninyi kuwa ndio wenye haki, na mwandishi atakuwa kibarua wenu, na mzee aliyetoa maisha yake hatakuwa na chochote katika karatasi. Siku hiyo ninyi mtakuwa tajiri. Twawaomba basi mwandike katika makubaliano, kabla ya neno la kwanza, kwamba maisha ni ya mzee na watoto wake, kwamba mwandishi atalipwa siku iliyotajwa, na kwamba chama kina ruhusa ya kuchapa na kusambaza. Tumewasikia miaka mingi mkisema jinsi tajiri mwema anavyopaswa kuwa. Tungefurahi kumwona.

Ndugu Mwenyekiti, hatutawachosha zaidi. Meza iko pale mlangoni, na kalamu zipo, na daftari moja. Mwanachama aliyefanya kazi Miwani, au KICOMI, au reli, au melini, na ambaye angependa kusimulia, na aandike jina lake na tawi lake kabla ya kwenda. Asiyeweza kuandika ataandikiwa, na atasomewa alichoandikiwa kabla hakijapelekwa popote.

Umoja ni nguvu.